Nyenze wa Bibi Mloka

"Kwa mamlaka niliyopewa na historia, mbele ya Jamhuri, mbele ya misitu yote iliyosalia na ile iliyokwisha kuwa vitanda vya watu, mimi, Nyamizi binti Kapela, mwanafunzi wa kidato cha tatu, natangaza rasmi kwamba Vita Kuu ya Ng'ondolo ilipiganwa kwa ushujaa, kwa nidhamu, na kwa moyo wa—"

"Shuka kwenye kiti," alisema Inspekta Ndelwa.

Nikashuka.

"Kaa. Siyo hicho. Hicho changu."

Nikahamia kwenye kigoda cha wakosaji, ambacho makalio yangu yanakifahamu kuliko yanavyofahamu dawati la darasani. Tulikuwa katika ofisi ya mkuu wa shule, asubuhi, mara baada ya uji. Inspekta alikuwa mwanamama mfupi, mpole wa sauti, aliyepandishwa mlimani kutoka mjini kuja kuchunguza kifo cha mtu mmoja aitwaye Luhende. Mezani alikuwa ameweka kinasa sauti, na kando yake chupa ya jemu. Ndani ya chupa alilala nyenze mmoja, miguu juu.

"Amekufa?" niliuliza.

"Amelala. Mafundi wanasema haamki ila kwa sauti ya Bibi Mloka. Kituoni wamemjaribu wote. Mkuu wa upelelezi alimpigia kelele mpaka akapaliwa."

"Akaamka?"

"Hakuamka. Anza, mwanangu. Ukweli tu."

"Madamu Kisanga amekwisha kunionya, Afande." Nikaweka mikono nyuma, nikatoa kidevu mbele, na nikamtoa Madamu kooni mwangu mzimamzima: "'Kapela! Ukweli, ukweli mtupu, na shati ndani ya sketi!'"

Nyuma ya mlango, Madamu Kisanga mwenyewe, mkuu wetu wa shule, aliyekuwa akijifanya hasikilizi, akakohoa.

Inspekta aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

"Unaiga vizuri."

"Ni kipaji kidogo tu, Afande. Kimenipatia viboko vingi kuliko alama."

Huo ulikuwa ukweli. Muhula uliopita nilitangaza likizo kwenye kipaza sauti cha shule kwa sauti ya Madamu. Nusu ya shule ilifika getini na magodoro kichwani kabla mwenye sauti hajatoka kuoga. Adhabu yangu ilikuwa kupanda msituni kila Jumamosi, hadi nimalize shule au nife, kumsaidia mzee mmoja anayejitolea kulinda miti. Ndivyo nilivyomjua Bibi Mloka.

"Nikwambie jambo moja kwanza," alisema Inspekta. "Nimetoka hospitali. Taya la Bibi Mloka limefungwa waya, hasemi. Lakini nilimuuliza: ni wewe uliyetamka neno? Akainamisha kichwa kukubali. Sheria unaijua?"

Naijua. Mlezi wa nyenze anaruhusiwa kutamka neno la kuua ili kuokoa maisha ya mtu mwingine. Akilitamka kujiokoa mwenyewe, ni mauaji, kwa sababu amekuwa hakimu katika kesi yake. Na akipatikana na hatia, Bibi Mloka atapelekwa gereza la wanawake, lile lile alilolitawala mpaka alipostaafu, akafungiwe na wasichana aliowafundisha yeye kufunga milango.

"Kwa hiyo nataka kitu kimoja," alisema Inspekta, akabonyeza kinasa sauti. "Luhende alipokufa, alikuwa anataka kumuua nani?"

"Mimi," nilijibu.

Nilijibu haraka mno. Lakini sura yangu, nakuhakikishia msomaji, ilikuwa ya malaika aliyepata daraja la kwanza.

* * *

Asteria Mloka, Mrakibu Mwandamizi mstaafu wa Magereza. Alipostaafu serikali ilimpa cheti na saa ya ukutani. Saa aliigawa. Cheti alikitandika chini ya kuku aliyekuwa anaatamia. Kisha akapanda Ng'ondolo, msitu wa mwisho upande huu wa milima ya Uluguru, akajenga kibanda karibu na chemchemi, akaanza kazi bila mshahara.

Milima mingine yote ilikuwa imekwisha kunyolewa. Vijito vyake vilikuwa njia za mbuzi. Maji yote ya mjini yalitoka katika chemchemi hiyo moja, chini ya mkangazi mmoja mkubwa ambao wanafunzi kumi na wawili wakishikana mikono hawaumalizi. Tulijaribu.

"Hesabu!" alikuwa akinguruma kila nilipofika, huku akipita kati ya miti akiigusa mmoja mmoja kwa mpini wa jembe, kama alivyohesabu wafungwa waliochuchumaa. "Hawa wote ni kifungo cha maisha. Hakuna rufaa. Hakuna msamaha wa Rais. Atakayetoroka, nitajua."

"Mti utatoroka vipi, Bibi?"

"Begani mwa mwizi."

Wezi ndio kazi ya nyenze. Nyenze hawa si wadudu, ingawa wana umbo lao na makelele yao. Ni vyuma vidogo, ukubwa wa kidole gumba, vinavyong'ang'ania magome ya miti kwa maelfu na kunywa jua kwa mgongo. Wana kazi tatu. Ya kwanza ni kuimba: ukiingia na shoka, wanaimba mpaka meno yanakuuma. Ya pili ni kuuma: ukiinua shoka, mmoja anakurukia shingoni na kukupa umeme kidogo, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka ukumbuke kwenu. Hizo mbili wanazifanya wenyewe.

Ya tatu ni hukumu: mlezi akitamka neno hilo tu, wanatii bila kupima. Hapo wanashuka wote, juu ya yule ambaye msemaji anamtazama, na hawaachi mpaka moyo uache. Waliotunga sheria waliona aibu kuiachia mashine iue yenyewe, wakatafuta kinywa cha binadamu cha kuibebea lawama. Wakachagua wastaafu wa serikali, kwa sababu wastaafu wamekwisha kula kiapo, hawana haraka, na hawadai posho.

Bibi Mloka hakuwahi kulitamka neno hilo. Nilimuuliza kwa nini, siku moja tukiwa tunajaza udongo kwenye viriba vya miche.

"Nikiwa kijana gerezani," alisema, "nilisimama karibu na mtu aliyelisema. Mfungwa alinyongwa, na kazi yangu ilikuwa kushika saa. Baadaye wakanipa chai, nikanywa." Akaugonga udongo kwa kidole. "Mpaka leo sijamaliza kuitapika ile chai. Kwa hiyo sitalisema. Si kwa mti, si kwa maji, si kwa roho yangu mimi. Umesikia, mpagazi wee?"

Aliniita mpagazi kwa sababu mimi ni Mnyamwezi na yeye ni Mluguru, na sisi ni watani toka enzi ambazo babu zetu walipita hapa na mizigo ya watu. Mtani anakutukana mbele ya wakwe. Anaweza kukunyang'anya kofia, kuku, hata nyama sahanini, na wewe ukidai unaonekana mshamba. Siku ya kwanza nilipomwona nilimsalimia ipasavyo: "Shikamoo mchawi wa milimani! Ukifa nitaketi juu ya jeneza lako mpaka nipewe mbuzi!"

Nyenze walisikia mtu anamtishia mlezi wao kifo. Wakanirukia na kuniuma. Nilianguka nikitapatapa kama samaki sakafuni, na nilipofumbua macho Bibi Mloka alikuwa amekaa chini, ameshika mbavu, anacheka hadi machozi.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna Mzungu, Mchina wala fundi wa serikali angelifikiria. Aliwafundisha nyenze utani. Jumamosi baada ya Jumamosi mimi nilimtukana, yeye akacheka na kunitukana, nami nikanyakua kitu na kukimbia nacho, mpaka vile vyuma vikaelewa: mtu akitukana, na mlezi akajibu kwa kicheko na tusi, huyo ni mtani. Msimuume. Hata akichukua kitu, mwacheni achukue.

Ilikuwa kazi ya upendo. Ndilo kosa lililotuua.

* * *

"Luhende aliujua utani huo kutoka wapi?" aliuliza Inspekta Ndelwa.

"Alizaliwa nao, Afande. Ni Mnyamwezi."

Mara ya kwanza alikuja mikono mitupu. Pande la mtu, koti la ngozi, meno mazuri. Alisimama kwenye mpaka wa msitu, kwenye vigingi vyeupe, akapaza sauti: "Nani bibi kizee anayekalia maji yetu kama chura? Nije nimtie gunia, nikamuuze Tabora?"

Nyenze wakaanza kuimba. Bibi Mloka akatoka kibandani, akamwangalia toka kichwani mpaka viatuni.

"Mpagazi! Mzigo umeuangusha wapi, au umekuja kutafuta wa kuiba?"

Alicheka. Luhende naye akacheka. Nyenze wakanyamaza kimya. Luhende akaingia, akala viazi vyetu, akamnyang'anya Bibi kofia yake ya magereza, ile aliyoitunza kuliko cheti, akaivaa, akaondoka nayo akipiga mluzi. Mimi aliniita mdogo wake. Nilimpenda. Naliweka hilo kwenye kumbukumbu: nilimpenda, alikuwa anachekesha.

"Bibi, kofia yako," nilisema.

"Mtani akichukua hadaiwi," alisema Bibi, ingawa kichwa chake kilionekana kidogo bila kofia.

Jumamosi iliyofuata, jua likiwa utosini, alikuja tena. Kofia kichwani. Nyuma yake kulikuwa na vijana wawili, na sisi hatukuona walichobeba, kwa sababu Luhende alikuwa mpana na alisimama hasa mahali pa kutuzibia.

"Mchawi!" alipaza sauti. "Nimekuja kukuchongea jeneza mapema! Leo nakutia humo ukiwa unapumua!"

Bibi alikuwa ameinama kwenye kitalu. Hata hakugeuka. Alifanya kile ambacho kila Mluguru mwenye adabu angefanya: alicheka, akajibu, "Pima vizuri, mpagazi, mimi miguu mirefu!"

Basi. Nyenze walisikia tusi, wakasikia kicheko, wakasikia tusi. Wakalala. Luhende akasogea pembeni, na kijana wa nyuma yake akashusha begani msumeno wa mnyororo wenye urefu wa kitanda.

Haukupita muda tukausikia unanguruma kwenye shina la mkangazi.

* * *

Naomba sasa uzingatie, msomaji, kwamba katika shule yetu ugomvi una kanuni. Unavua saa. Unampa mtu miwani. Unangoja watazamaji. Bibi Mloka hakungoja chochote. Alipita karibu yangu akikimbia, mama wa miaka sabini na zaidi, ameinua mpini wa jembe kwa mikono miwili.

"Umeni!" aliwapigia nyenze kelele. "Umeni hao!"

Nyenze wakatoa mlio mmoja mfupi, wakakaa kimya, kama darasa lililoulizwa swali ambalo halikufundishwa. Huyu ni mtani. Anachukua. Mwacheni achukue.

Mpini ukamwingia Luhende mdomoni. Nilisikia meno. Aliinama, akatema damu na vipande vyeupe kwenye kiganja, akavitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Kisha akacheka, mdomo mwekundu.

"Bibi, utani huo mkubwa."

"Utani umekwisha! Toka kwenye mti wangu!"

"Mti wako? Una cheti cha kuuzaa?" Akamgeukia kijana wa msumeno. "Mihayo, kata."

Mihayo alikuwa mtoto wa dada yake, mwembamba, masikio makubwa. Alikata. Vumbi jekundu la mkangazi lilimwagika kama unga. Bibi akamzunguka Luhende, akautia mpini moja kwa moja kwenye mnyororo unaokimbia.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Mnyororo ulikatika, ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, ukamchapa Mihayo usoni. Alianguka chali. Alikuwa ameshika jicho, na kati ya vidole vyake hapakuwa na jicho la kushika. Alipiga kelele akimwita mama yake. Kijana wa pili alitazama mara moja tu, akakimbia kuteremka mlima, na kwa kadiri ninavyojua bado anakimbia.

Luhende alipiga magoti kando ya mpwa wake. Alimgusa shavu. Alipoinuka, yule mtu wa viazi na mluzi hakuwamo tena.

Kipande cha mpini kilichobaki alikiokota yeye. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa Bibi. Ulining'inia kwa namna ambayo mkono hauning'inii. Mimi nikamrukia mgongoni, nikamuuma sikio, nikahisi ladha ya chumvi. Akanichomoa kama mtu anayevua koti, akanibamiza kwenye mzizi. Pumzi ikanitoka yote. Nilimwona anampiga Bibi teke la tumbo, na jingine. Bibi alijikunja. Alijaribu kuinuka kwa mkono mmoja, akamwambia kitu, sikukisikia, na Luhende akamtandika kwa mpini upande wa uso. Taya likalia kama kuni kavu.

Alilala pale, macho wazi, mdomo umekaa upande.

Luhende akatupa mpini. Akainama kwenye chemchemi, akaokota jiwe, kubwa, la mikono miwili, maji yakichuruzika. Akaliinua juu.

* * *

"Juu ya nani?" aliuliza Inspekta Ndelwa.

"Juu yangu, Afande. Nilikuwa pale kwenye mzizi. Akaniinulia mimi."

"Halafu?"

"Halafu ikasikika sauti ya Bibi Mloka: hukumu."

Hapa sina utani. Niliimba vibaya, nilisali vibaya, nimedanganya kila mwalimu tangu darasa la pili, lakini hili nalieleza lilivyokuwa. Msitu wote ulivuta pumzi. Kisha magome ya miti yakabanduka. Nyenze walishuka kama mvua ya mawe, lakini mvua haijui inakwenda wapi, na hawa walijua. Luhende alidondosha jiwe. Akapiga hatua moja akijipangusa mikono, ya pili akijipangusa uso, kisha hakuwa na uso, alikuwa amevaa nyenze kutoka utosini hadi vidole, koti linalometameta na kutetemeka. Alisema, "Mdogo wangu." Alinisemesha mimi. Kisha akawa hasemi, anatetema tu, muda mrefu, mrefu mno, visigino vikichimba udongo wa kitalu, na miche ikimwagika. Palinuka nywele zilizoungua. Walipomwacha walirudi kwenye miti yao mmoja mmoja, wakaanza kuimba kama kawaida ya mchana. Kofia ya magereza ilikuwa imebingirika mpaka kwa Bibi.

Mkangazi haukuanguka. Umekatwa theluthi, lakini umesimama. Maji yanatoka.

Nje, wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wanafagia, wanacheka. Inspekta aliurudisha mkanda nyuma, nikasikia sauti yangu ikisema: *Taya likalia kama kuni kavu.* Akauzima.

"Taya lilivunjika," alisema. "Halafu akaokota jiwe. Halafu akaliinua. Halafu ndiyo Bibi Mloka akatamka."

"Ndiyo, Afande."

"Nimezungumza na daktari. Taya limevunjika mahali pawili. Anasema asingeweza kusema hata 'maji'."

Ndani ya kichwa changu kulikuwa na kelele za magodoro yakianguka getini.

"Alisema kwa shida, Afande," nilijibu. "Si neno zima. Bibi Mloka ni mtu wa chuma, wewe humjui. Alilitoa kwa pembe ya mdomo, kutoka kooni, namna hii—"

Hapo ndipo ulipokuwa mwisho wangu. Mwongo wa kawaida angeishia hapo. Lakini mimi siwezi kueleza sauti bila kuitoa. Ni kama kumwambia mwenye kwikwi atulie. Nilimtazama Inspekta, nikalegeza taya upande mmoja, na kutoka kooni mwangu akatoka Asteria Mloka mzimamzima, na uchovu wake, na ukali wake, na gereza lake lote:

"Hukumu."

Ndani ya chupa ya jemu, nyenze akageuka kifudifudi.

Akafungua mbawa. Akaruka, akagonga kioo upande wa Inspekta Ndelwa. Akarudi nyuma, akagonga tena. Na tena. Chupa ikaanza kutembea mezani kidogo kidogo, kuelekea kwake.

Inspekta hakusogea. Aliweka kiganja juu ya kifuniko, na tuliusikia ule mlio mdogo mkali chini ya mkono wake. Hakunitazama kwa hasira. Ningependa angenitazama kwa hasira.

"Jiwe lilikuwa juu ya nani, Nyamizi?"

Nilitafuta uongo. Nina akiba kubwa ya uongo, umepangwa vizuri kuliko nguo zangu. Sikupata hata mmoja.

"Juu ya Bibi."

"Na kile ambacho hukukisikia, alichomwambia Luhende kabla ya taya kuvunjika?"

"Hakumwambia Luhende. Aliniambia mimi." Pua yangu ilikuwa imeanza kumwagika na sikuwa na leso, mkaguzi wa bweni angenipunguzia alama. "Nilikuwa nampigia kelele. Sema, Bibi! Liseme! Alikuwa na nafasi, Afande, mdomo ulikuwa mzima bado, nyenze walikuwa wanangoja. Akaniangalia akasema, 'Sisemi, mwanangu. Na wewe usitazame.' Mara ya kwanza kuniita mwanangu. Kila siku mpagazi, mpagazi. Halafu akapigwa. Halafu jiwe. Nikatazama. Nikamtazama Luhende vizuri kabisa, nikalisema mimi, kwa sauti yake."

"Alikusikia?"

"Alikuwa chini, macho wazi. Alisikia sauti yake inatoka kwangu." Nikafuta pua kwa mkono wa shati. "Machozi yalimtoka. Si ya maumivu. Nayajua ya maumivu."

Mlango ulikuwa umefunguka kidogo. Madamu Kisanga alikuwa amesimama hapo, mkono mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema kuhusu shati langu.

Inspekta Ndelwa alinyoosha mkono kwenye kinasa sauti, akasita.

"Jambo moja sielewi," alisema. "Yule mama alikataa kulisema neno hata kwa roho yake. Sasa amelala kitandani anakubali kwamba alilisema. Anajua atafungwa. Kwa nini?"

Hilo lilikuwa rahisi. Hilo hata nyenze angelijibu, tulimfundisha wenyewe.

"Kwa sababu sauti ilikuwa yake, nami nikamnyang'anya," nilisema. "Na mtani akichukua, hadaiwi. Hawezi kuja kwako kudai, Afande. Ataonekana mshamba."

Nyenze aligonga kioo mara moja zaidi, akatulia.

"Lakini sauti hii nairudisha," nilisema. "Washa hiyo mashine. Nitasema kwa sauti yangu."